Yule bwana wa kikao cha jana kanigongea saa mbele za watu, sinyamazi

Wakuu habari za usiku. Naandika niko lindoni na moyo unachemka kama sufuria ya makande. Ya jana kwenye kikao cha mtaa mmeshayasikia, na kama hukuwepo umeshasimuliwa, maana mpaka muuza mihogo wa kona leo kaniuliza "ni kweli kaigonga?" Simtaji jina. Wote mnamjua. Ni yule akisimama kuongea Kiswahili kinatoka nje kinamsubiri mpaka amalize. Yule ambaye hata kuku wake anawafukuza kwa kingereza na kuku wenyewe hawaelewi wanabaki wanamtazama.

Kikao kilikuwa cha hela ya ulinzi. Sisi walinzi tuliomba nyongeza, kidogo tu, hela ya betri za tochi na koti la mvua. Kina mama wamekubali, mjumbe kakubali, mzee wa nyumba ya kijani ambaye hajawahi kukubali kitu toka azaliwe kakubali, ndio akainuka huyo bwana. Akasema hivi ndugu zangu mnajua neno wochimani, yaani mlinzi, limetoka wapi? Limetoka kwenye "watch", saa ya mkononi. Wochimani ni mtu wa kuangalia saa, anakaa anahesabu dakika mpaka kukuche achukue chake aende, ndio maana ya kazi yenyewe hiyo, sasa mnamuongezea ya nini? Halafu akanyanyua mkono juu, akavuta shati, akaigonga ile saa yake kwa kidole. Ko ko ko.

Watu wakacheka. Kacheka hata yule ambaye mtungi wake wa gesi niliukuta saa tisa usiku uko juu ya ukuta unahama nikapuliza filimbi mpaka mapafu yakaniuma. Na yeye kacheka!

Sasa sikilizeni. Mimi nimeingia kwenye kamusi zao wenyewe Wazungu, zile zinazoeleza neno limezaliwa wapi. "Watch" ni neno la zamani sana. Waingereza wa kale, kabla hata ya vita vile vya 1066 vya kutawaliwa na watu kutoka Normandy kule Ufaransa, walishakuwa wanaliandika wæcce, na maana yake ni kukesha. Kuwa macho wakati wenzako wamelala. Ni ndugu wa tumbo moja na "wake", kuamka. Muda huo saa ya kubeba ilikuwa haipo duniani, si mkononi si mfukoni, hizo zimeanza kutengenezwa Ulaya miaka ya 1500 na mafundi kina Peter Henlein kule Nuremberg, Ujerumani. Kwa hiyo aliyekesha ndio wa kwanza, saa imekuja nyuma ikakuta jina lina mwenyewe ikaliazima. Kwenye miaka ya 1400 walikuwa wanakiita hivyo kitu cha kumwamsha mtu usingizini, kuja kufika mwishoni mwa miaka ya 1500 ndio likahamia kwenye saa ya kubeba. Ile saa aliyoigonga ina jina LANGU. Yeye anatembea na jina langu mkononi halafu analigonga kwa kidole ko ko ko mbele ya mke wangu.

Na kazi yenyewe haikuwa ya kuhesabu dakika. Mwaka 1285 mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alitoa sheria pale Winchester, kila mji ukeshe toka jua linazama mpaka linachomoza, kuanzia sikukuu ya Kupaa mpaka ya Mtakatifu Mikaeli mwezi wa tisa, na kwenye miji mikubwa watu sita kwa kila geti. Geti wakuu! Mgeni akipita usiku anashikwa mpaka asubuhi aeleze anakwenda wapi. Na London baadae huko walinzi wa usiku walikuwa wanazunguka mitaani wanatangaza kwa sauti ni saa ngapi, mtu yuko kitandani anasikia anajua bado alale au aamke. Mtaa mzima ulikuwa unauliza saa kwa mlinzi. Leo mwenye saa ananiambia mimi ndio naangalia saa.

Wenye Biblia fungueni Zaburi ya 127, Bwana asipoulinda mji yeye aulindaye akesha bure. Mlinzi na kukesha viko mstari mmoja. Hawakusema anaangalia saa bure.

Nimemaliza, ila sijamaliza. Kaigonga mara tatu wakuu. Mara moja ingetosha.

---

Mtoto wa Kona: Pole mkuu. Ila ngoja kwanza, uko lindoni unasoma habari za mfalme Edward na geti anaangalia nani?

Mzee wa Lindo (mwenye uzi): Geti liko mbele ya macho yangu, kitabu cha matukio nimeandika kila saa, supavaiza wa doria kapita saa nane kanikuta nimesimama. Usinichanganye na yule wa zamu ya mchana.

kiparangoto: Mimi nilikuwepo kikaoni na nathibitisha kaigonga. Tena sauti ilifika mpaka kwa kina mama waliokaa kwenye mkeka. Nahisi hata muadhini kaisikia.

Mama Nasra Vitumbua: Nilikuwa kwenye mkeka. Sikucheka mimi. Alianza yule dada wa saluni wengine wakafuata.

Dada wa Saluni: Nimecheka kitu kingine kabisa usiniingize.

Baharia wa Ukweli: Mleta uzi uko sahihi na nakuunga mkono kwa miguu yote. Mimi ni baharia wa melini, sio hawa mabaharia wenu wa vijiweni. Kwenye meli "watch" ndio zamu yenyewe. Saa nne nne: nahodha msaidizi wa pili anashika saa sita mpaka saa kumi, mchana na usiku, wa tatu anashika saa mbili mpaka saa sita, mkuu wao anashika saa kumi mpaka saa mbili. Zamani kengele ilikuwa inapigwa kila nusu saa, zikifika nane zamu imeisha mwenzako anapanda. Na leo kwenye chumba cha usukani kuna king'ora kabisa, kinawekwa dakika kati ya 3 na 12, usipobonyeza au usipogusa kitu kinakuwakia taa, kisha kinalia, ukiendelea kulala kinaita wakubwa. Maana kinachoogopwa baharini ni aliyeshika zamu kusinzia. Mwambie huyo bwana aje apande meli akae saa kumi alfajiri kwenye ukungu halafu agonge saa.

Mzee wa Lindo: Asante sana mkuu. Mmesikia? Kugonga saa hakuoni meli inayokuja.

Baharia wa Ukweli: Ila sasa na mimi niseme langu. Sheria ya kimataifa inataka mtu wa zamu apumzike si chini ya saa 10 kwenye kila saa 24, na kuna meli karatasi inaonyesha umelala kama mfalme kumbe hujafumba jicho toka bandari ya mwisho. Unasainishwa. Hilo ndio la kulalamikia.

Mtoto wa Kona: Yaani nyie baharini mnapewa saa 10 za kulala? Walinzi wa hapa wanaingia saa kumi na mbili jioni wanatoka saa kumi na mbili asubuhi, na wa mchana asipotokea unaunganisha.

Ticha Mkongwe: Mnaongelea kukesha hamjatutaja walimu. Msimamizi wa mtihani kwa kingereza ni "invigilator", na hilo limetoka kwenye Kilatini, vigilare, kukesha, kuwa macho. Humo humo ndio wamo "vigil", ule mkesha wa ibada, na "vigilante" lililopitia Kihispania, hao ndio kama sungusungu wetu walioanza kwa Wasukuma na Wanyamwezi miaka ya 80. Hata "surveillance" ni Kifaransa cha kukesha juu ya mtu, lilipata umaarufu kwenye mapinduzi yao kwenye zile kamati za 1793 za kuchunguza wageni na wasaliti. Waroma waliugawa usiku zamu nne, ndio maana kwenye Mathayo 14 Yesu anatembea juu ya maji zamu ya nne ya usiku. Sasa mimi nimekesha macho kwenye chumba cha mtihani, nimesimama masaa matatu sina hata stuli, posho mpaka leo naisikia kwa majirani.

Mzee wa Lindo: Mwalimu umeongea vizuri sana, sasa rudi pale pale, mtu anasimama mbele ya mkutano anagonga

Ticha Mkongwe: Na soda tuliahidiwa.

Hajira wa Mgahawa: Jamani mimi nahudumia mezani. "Wait" la kusubiri nalo ni wa ukoo huo huo, limepita kwa Wafaransa wa kaskazini waliolichukua kwa Wafranki, kabila la kale la Kijerumani, zamani lilikuwa na maana ya kuvizia, kukaa macho. Kwa hiyo na mie mhudumu ni mlinzi! Nawalinda nyie mnaokula chipsi mayai mnaniambia "narudi kutoa hela kwenye ATM" hamrudi. Mlinzi unayelalamika, kuna mwenzako wa hapo jirani na mgahawa ana deni la chai ya maziwa.

Mzee wa Lindo: Sio mimi huyo.

Hajira wa Mgahawa: Sijasema wewe. Ila ana koti la kaki na tochi haina betri.

kiparangoto: 😂😂😂 nyongeza ya betri hiyo

Soja wa Nyali: Huku Mombasa mlinzi twamwita soja, ni lile la Kizungu la mwanajeshi. Na askari ni la Kiarabu, mtu wa jeshi vilevile, doria pia Kiarabu. Yaani kote mlinzi apewa jina la vita halafu apewa rungu na mshahara wa kununua unga. Bro aliyekugongea saa huku kwetu angeambiwa siku hiyo alale nje ya geti tu ajionee. Lakini na nyinyi bara mwapenda vikao sana.

Mtoto wa Kona: Vikao ndio umoja wetu. Nyie mnaishia WhatsApp.

Fundi Saa Kariakoo: Samahani kwa kuchelewa, kuna mtu aliyeona vizuri ile saa aliyoigonga? Nataka kujua kioo kilikuwa cha madini au plastiki. Kioo kizuri kikigongwa kwa kidole hakitoi ko ko, kinatoa ti ti. Ko ko ni plastiki.

Mama Nasra Vitumbua: Ilikuwa ko ko.

Fundi Saa Kariakoo: Basi ni ile ya elfu kumi na tano, sokoni Mchikichini zimejaa.

Mzee wa Lindo: WAKUU. Mimi sijali saa ya bei gani. Hoja yangu ni kwamba kasema uongo mbele za watu, kaligeuza neno kichwa chini miguu juu, akalifanya sababu ya kutunyima koti la mvua, na masika yanaingia, na hakuna hata mmoja aliyeinuka akamwambia kaa chini. Mkesha ni kazi. Kazi ya kwanza kabisa ya mji kuwa mji ni watu kukubaliana nani abaki macho. Hilo ndio lililomo ndani ya neno, na yeye kaligonga ko

Kondakta Mstaafu: Tukiwa bado kwenye mambo ya saa naomba niulize, hivi ni nani aliyewaambia wenye mabasi waandike tiketi kwa saa za Kizungu? Shangazi yangu kaandikiwa 11:00, kafika stendi saa kumi na moja alfajiri na kuku wawili, kakaa hapo mpaka saa tano.

kiparangoto: Bora shangazi kawahi. Mimi niliandikiwa 12:00 nikaenda saa kumi na mbili jioni. Basi liko Dodoma linakula chakula cha jioni.

Ticha Mkongwe: Ratiba ya usimamizi nayo iliandikwa 2:00, nusu ya wasimamizi wamefika saa mbili asubuhi wamekaa na njaa mpaka saa nane.

Mtoto wa Kona: Hapo soda ndio zilipoisha mwalimu, walikunywa hao wa asubuhi.

Ticha Mkongwe: Kumbe.

Soja wa Nyali: Huku kwetu mtu akikwambia saa nne waelewa ni saa nne, hatuna shida hiyo.

Kondakta Mstaafu: Hamna shida wapi, nimefanya ruti ya Tanga Mombasa miaka, abiria wa kutoka Nairobi wanakuja na 10 yao, wa Tanga na 4 yake, tunagombana mpaka mpakani Horohoro. Muhuri ulikuwa unagongwa na watu bado wananuniana.

Mzee wa Lindo: Mjumbe kama unasoma huu uzi, kikao kingine nataka nipewe dakika tano tu.

Hajira wa Mgahawa: Kondakta, na hili la mizigo, ni kweli kuku wanalipiwa siti?

Kondakta Mstaafu: Kuku hawalipiwi siti, wanalipiwa buti, na inategemea tenga au mfuko. Aliyelipishwa siti alete tiketi yake hapa tuione.

Dada wa Saluni: Ninayo. Na ilikuwa ni jogoo mmoja tu kwenye mfuko wa salfeti. Napiga picha naiweka sasa hivi.