MREJESHO: Jiliwa la zamani limetoka kutu kwa umeme, kasoro skrubu

Wakuu, niliomba humu njia ya kutoa kutu kwenye jiliwa (kile chuma cha kubania kazi mezani) lililolala stoo huku Tukuyu, ambako mvua haipi chuma nafasi ya kukauka. Asanteni sana, njia mliyonipa ya umeme wa chaja ya betri imefanya kazi.

Ndoo ya plastiki, maji lita 20, magadi soda vijiko 5 vya chakula, chaja ya volti 12. Hasi kwenye jiliwa, pale pa kubana klipu pakikwanguliwa hadi ping'ae. Chanya kwenye vipande vya nondo vilivyolizunguka bila kuligusa. Nondo ikiwa upande mmoja tu, mgongo hausafiki. Mdau aliyenikataza kuweka stenlesi (chuma kisichoshika kutu) upande wa chanya yuko sahihi kabisa: inaacha sumu ya kromu kwenye maji. Ndoo ikae nje, mapovu yale ni haidrojeni.

Asubuhi kutu ilikuwa tope jeusi, ikatoka kwa brashi ya waya. Ndani ya nyuzi za skrubu umeme haukufika. Nimeloweka dizeli, bado inazunguka kwa shida. Mashimo yaliyoliwa yamebaki vilevile. Ukishasuuza, kausha na upake oili papo hapo, maana kutu mpya huanza ndani ya dakika chache.