Je, Friedrich Schiller alikuwa daktari kweli, au udaktari ulimpitia tu?

Mpenda Tamthilia

Ndugu zangu, naomba msaada katika jambo linalonisumbua tangu nilipoanza kusoma habari za Friedrich Schiller, mshairi wa Kijerumani aliyezaliwa Marbach mwaka 1759. Karibu kila maelezo ya maisha yake ninayoyapata yana sentensi moja tu kwamba alisomea udaktari na kutumika jeshini mjini Stuttgart. Baada ya hapo mwandishi huruka hadi Weimar, kwenye urafiki wake na Goethe na tamthilia kubwa za miaka ya mwisho. Sentensi hiyo moja hainitoshi, kwa kuwa sioni jinsi kijana anavyoweza kukaa miaka karibu mitano akijifunza homa, mishipa na maiti, kisha akatoka mikono mitupu.

Nina maswali mawili. Je, alisomea udaktari kwa kupenda, au alilazimishwa? Na je, masomo hayo yaliacha alama inayoonekana katika maandishi yake, alama ambayo mtu anaweza kuionyesha kwa kidole badala ya kuikisia? Rafiki yangu, ambaye mwenyewe ni tabibu, anashikilia kwamba Dk. Schiller aliutupa udaktari siku ile alipoitoroka Stuttgart, na kwamba tangu hapo haukumfaa kitu. Mimi sijashawishika, lakini sina hoja ya kumjibu.

Mkutubi Mstaafu

Ndugu Mpenda Tamthilia, swali lako la pili lina jibu zuri kuliko la kwanza, lakini niyachukue kwa mpangilio.

Schiller mtoto alitaka kuwa mchungaji wa kanisa. Baba yake, Johann Caspar, aliyeanza maisha kama mpasuaji wa jeshi na baadaye akawa ofisa, aliliafiki jambo hilo. Aliyelipinga ni Karl Eugen, mtawala wa Württemberg, ambaye alikuwa ameanzisha shule ya kijeshi katika kasri lake la Solitude na alikuwa akikusanya humo watoto wenye akili, hasa wana wa watumishi wake. Baba alijaribu kujitetea kwamba shule hiyo haikufundisha theolojia, lakini mtu anayekula mshahara wa mtawala hana nafasi ya kukataa mara nyingi. Januari 1773 kijana akaingia shuleni akiwa na umri wa miaka 13, na wazazi wakatakiwa kutia saini hati iliyomweka mtoto wao chini ya utumishi wa mtawala. Humo wanafunzi walivaa sare na barua zao zilisomwa na wakubwa. Likizo haikuwapo. Kwa hiyo kuhusu shule yenyewe, ndiyo, alilazimishwa.

Sasa nije kwenye alama unayotaka kuionyesha kwa kidole. Mwaka 1779 Schiller aliandika tasnifu ya kwanza kuhusu falsafa ya fiziolojia, na walimu wakaikataa, kwa sababu kijana aliwashambulia wataalamu wakubwa kwa ujasiri usio na kipimo. Mtawala mwenyewe aliisoma, akakiri kwamba ilikuwa na moto mwingi, na akaamua kwamba kwa ajili ya moto huohuo ingefaa mwandishi abaki shuleni mwaka mmoja zaidi ili upoe kidogo. (Nikiwa mtu niliyeshika karatasi za watu maisha yangu yote, sijawahi kuona sababu ya kumrudisha mwanafunzi darasa iliyo ya kweli na ya kikatili kiasi hicho.) Mwaka 1780 aliwasilisha nyingine mbili. Moja iliandikwa kwa Kilatini na ilihusu homa. Nyingine, ambayo ndiyo iliyokubaliwa na kupigwa chapa, ilihusu uhusiano kati ya maumbile ya kinyama ya mwanadamu na maumbile yake ya kiroho. Hoja yake ni kwamba mwili na nafsi ni kama vinanda viwili vilivyowekwa karibu, ukigusa uzi wa kimoja, cha pili nacho huitika. Huzuni ya muda mrefu hudhoofisha umeng'enyaji wa chakula na mzunguko wa damu, na furaha huweza kumsaidia mgonjwa kupona.

Ndani ya tasnifu hiyo kuna utundu mmoja ninaoupenda sana. Ili kuonyesha jinsi hofu kuu ya nafsi inavyoutikisa mwili, Schiller alinukuu maneno ya mtu aliyeamka kutoka katika ndoto mbaya, akaandika kwamba yametoka katika tamthilia ya Kiingereza iitwayo "Life of Moor", iliyotungwa na mtu aitwaye Krake. Tamthilia hiyo haikuwapo, wala Krake hakuwapo. Yalikuwa maneno ya Franz Moor katika Die Räuber, yaani Wanyang'anyi, ambayo Schiller mwenyewe alikuwa akiitunga kwa siri shuleni humo, na walimu wake wakaipitisha nukuu hiyo kama ushahidi wa kitabibu.

Mwambie pia rafiki yako afungue tamthilia yenyewe, mwanzo wa tendo la pili. Franz anataka baba yake mzee afe upesi ili arithi, lakini hataki kutumia sumu wala kisu. Anajisemea kwamba wanafalsafa na matabibu wamemfundisha jinsi hali za roho zinavyokwenda sambamba na mwendo wa mashine ya mwili. Basi kwa nini asiuharibu mwili kwa kupitia roho? Kisha anazipanga hisia moja moja, mithili ya tabibu anayechagua chupa katika kabati la dawa. Hasira anaiona kama mbwa mwitu anayeshiba upesi mno. Wasiwasi unakwenda polepole, na hofu haimtoshi kwa kuwa tumaini huizuia. Mwishoni anachagua mshtuko, na anamtuma mtu aliyejibadilisha sura amletee mzee habari za uongo kwamba mwanawe mpendwa, Karl, amefia vitani. Hiyo ndiyo tasnifu ya udaktari ikiwa imegeuzwa silaha ya mauaji. Sijui ni alama gani iliyo wazi zaidi ya hiyo.

Tabibu wa Zamu

Namshukuru Mkutubi, lakini naomba kuongeza jambo moja kwenye jibu la kwanza na kusahihisha jingine katika swali.

Shule alilazimishwa, lakini udaktari aliuchagua. Alianza kwa kusoma sheria, ambayo haikumwingia kabisa. Mwishoni mwa mwaka 1775 shule ilipohamishiwa Stuttgart na kuanza kufundisha tiba, yeye ni miongoni mwa waliohamia huko kwa hiari. Ukiona jinsi alivyoandika baadaye kuhusu mwili na nafsi, haishangazi. Kati ya masomo yote aliyoruhusiwa kuyachukua, hilo ndilo lililomkaribia mwanadamu.

La kusahihisha ni hilo "Dk.". Shule ile haikuwa na haki ya kutunuku shahada wakati Schiller alipomaliza, Desemba 1780. Alitoka akiwa daktari wa kikosi asiye na shahada ya udaktari, akapewa mshahara wa gulden 18 kwa mwezi na kupangiwa kikosi cha askari wazee waliochakaa. Baba yake aliomba aruhusiwe kuvaa nguo za kiraia ili atibu raia na kuongeza kipato; mtawala alikataa. Inasimuliwa pia kwamba dozi zake za dawa ya kutapisha zilikuwa kali kiasi cha kuwatisha wakubwa wake. Sikubaliani na wanaomcheka kwa hilo, kwa kuwa kutapisha ilikuwa tiba ya kawaida ya wakati ule, na kijana wa miaka 21 aliyepewa kikosi kizima bila msimamizi wa kutosha asingekuwa wa kwanza kuzidisha.

Ukitaka kumwona kama tabibu halisi, soma taarifa zake za kiangazi cha 1780 kuhusu mwanafunzi mwenzake, Grammont, aliyepatwa na sonona kali na kumwomba dawa ya usingizi kwa nia ya kujiua. Schiller alitoa taarifa, akawekwa kumwangalia, na akaandika maelezo yake siku baada ya siku. Ndani yake hatafuti kosa la mgonjwa. Anamwona kama mtu aliyenaswa katikati ya tumbo linalouma na mawazo yanayouma, kila kimoja kikikichochea kingine. Wakubwa walishuku kwamba yeye na wenzake walikuwa wakimwonea mgonjwa huruma kupita kiasi, naye akalazimika kujieleza kwamba imani ya mgonjwa haipatikani kwa amri. Mimi nimekesha na wagonjwa wa namna hiyo, na sina la kuongeza kwenye jibu lake.

Mpenda Tamthilia

Nimefaidika kuliko nilivyotarajia, hasa kwa habari za huyo Krake ambaye hakuwapo. Lakini hoja ya rafiki yangu bado haijaguswa: baada ya kutoroka, udaktari ulimfaa nini?

Mkutubi Mstaafu

Kwanza, udaktari ndio uliomtorosha. Wanyang'anyi ilipoonyeshwa Mannheim tarehe 13 Januari 1782, Schiller alikwenda kuitazama bila ruhusa, na Mannheim ilikuwa nchi ya mtawala mwingine. Aliporudia safari hiyo mwezi Mei alifungwa siku 14. Kisha likaja lalamiko kutoka Graubünden, eneo ambalo leo ni sehemu ya Uswisi, kwamba mhusika mmoja wa tamthilia ameliita maskani ya walaghai. Mtawala akaamuru kwamba tangu siku hiyo daktari wake asichapishe chochote isipokuwa maandishi ya kitabibu. Amri hiyo ndiyo iliyomshinda.

Usiku wa tarehe 22 Septemba 1782, mji ulipokuwa umehamia Solitude kumsherehekea mgeni kutoka Urusi, yeye na rafiki yake mwanamuziki, Andreas Streicher, walipita kwenye lango la mji ndani ya gari la farasi lililobeba masanduku, kinanda kidogo, na bastola mbili kuukuu zisizofaa kitu. Askari wa lango waliambiwa kwamba wanaosafiri ni Dk. Ritter na Dk. Wolf. Kwa hiyo jina la Dk. alilipata kwanza kama mtoro wa jeshi.

Mwaka uliofuata, huko Mannheim, alishikwa na homa ya vipindi, ambayo leo tungeiita malaria, akajitibu mwenyewe kwa gome la mkwinini na kwa kujinyima chakula hadi mwili ukadhoofika. Katika hilo nakubaliana na rafiki yako kwamba udaktari haukumfaa, pengine ulimdhuru. Mwaka 1784, madeni yalipomzonga, alifikiria kurudi chuoni amalizie shahada ya tiba, lakini hakurudi.

Tabibu wa Zamu

Niongeze tu kwamba tangu Januari 1791, alipougua mapafu vibaya, hakupata tena afya kamili, na tamthilia zote za Wallenstein, Maria Stuart na Wilhelm Tell ziliandikwa na mtu mgonjwa. Alifariki Weimar tarehe 9 Mei 1805 akiwa na miaka 45. Daktari Huschke alipompasua alikuta pafu moja limeharibika kabisa na misuli ya moyo imenyauka, akaandika kwamba ni ajabu mtu huyo aliishi muda mrefu kiasi hicho. Rafiki yako tabibu asome taarifa hiyo kwanza, kisha asome tasnifu ya 1780, hasa sehemu inayohusu kile ambacho nafsi yenye shughuli inaweza kuufanyia mwili uliochoka. Akishaisoma, mlete hapa tumsikie.