Mabango ya Arusha na Moshi: mnauza daftari au mnauza kitu kisichosogea?

Wakuu, salaam. Mods, naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa kuwasema walimu wa Kiingereza.

Tembea kutoka Mnara wa Saa mpaka Soko Kuu, au ukiwa Moshi shuka na Double Road, halafu yasome mabango kwa kuyarudisha kwenye Kiswahili. "Stationary": Kisichosogea. "Hair Saloon": Baa ya Nywele. "Stuff Only" mlangoni mwa ofisi: Vitu Tu. "Break Service" gereji: Huduma ya Kuvunja. Kwenye menyu, "Desert: Fruit Salad": Jangwa, saladi ya matunda. Na vipeperushi vya kupandisha wageni mlimani vina "Machame Root", Mzizi wa Machame. Mtu kalipa apande mlima, nyie mnampa mzizi!

Ukimwambia fundi, anakujibu "si inaeleweka?" Hata bango lililotundikwa kichwa chini linaeleweka. Ndiyo ulipe fleksi ya mita 3 kwa 1 ikiwa hivyo?

Kosa lenyewe wala haliniudhi sana. Kinachoniudhi ni kwamba yote yanatupwa kwenye kapu moja la "Kiingereza hakina mantiki", watoto wanapewa orodha ya jozi wakariri, na hakuna anayewaambia kwamba humo mna magonjwa mawili, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni la Waingereza wenyewe. "Root" na "route" kwao hutamkwa sawa, ila hazina undugu wowote. "Root" waliletewa na mabaharia wa Skandinavia. "Route" ilipita kwa Wafaransa ikitoka Kilatini "rupta", iliyovunjwa, yaani njia iliyopasuliwa. "Meat" na "meet" ni habari nyingine: zamani zilitofautiana kwa sauti, ndiyo maana moja ina "ea" na nyingine "ee". William Caxton alianza kuchapa vitabu Westminster mwaka 1476, tahajia ikaanza kuganda kwenye karatasi wakati irabu ndefu za Kiingereza bado zinahama, na ziliendelea kuhama kwa zaidi ya miaka 200. Sauti zikaja kukutana, maandishi yakabaki yalipokuwa. Kwa hiyo "Roast Meet" kwenye menyu ni mkutano wa kuchoma, na ng'ombe hahusiki.

Sasa "stationery", maana hili ndilo limejaa kuliko yote. Zama za kati wauza vitabu wengi Ulaya walikuwa wachuuzi wa kutembeza. Aliyekuwa na kibanda cha kudumu, hasa kwenye miji ya vyuo, aliitwa kwa Kilatini "stationarius", mtu wa mahali pamoja. Kwa Kiingereza akawa "stationer", na bidhaa zake "stationery". Kwa hiyo hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja, na fundi wa bango angeweza kujitetea kwa historia kama angeijua. Haijui. Shikeni hivi: muuzaji ana "er", "stationer", na bidhaa zake zinabaki na hiyo "e". Kisichosogea kina "a".

"Complementary Breakfast" nayo ina undugu kama huo. "Complementary" na "complimentary" zote zimetoka kwenye Kilatini "complere", kujaza. Yenye "e" ilibaki kwenye kujaziliza. Yenye "i" ilizunguka Italia na Hispania ikarudi na maana ya kutimiza adabu, ndipo ikazaa sifa na takrima. Chai ya bure ni takrima, weka "i". "Dessert" ni ya Kifaransa "desservir", kuondoa vyombo mezani: kitu cha kula meza ikishasafishwa. Ina "s" mbili. Tuendelee.

La pili ni la kwetu. Kiswahili kina irabu 5. "Hat", "hut", "heart" na "hurt" tunaziingiza zote kwenye "a" yetu moja, ndiyo maana mgeni wa Kilimanjaro anaambiwa leo tunalala "Mandara Hat", kofia ya Mandara, badala ya "Mandara Hut", kibanda cha kulala mlimani. Mwingereza hawezi kuchanganya "staff" na "stuff". Ya kwanza kwao, hasa kusini, ina "a" ndefu ya nyuma ya mdomo. Ya pili ni fupi, inakatwa hapohapo. Hapa asili ya neno haikusaidii kitu, hata ukijua "staff" ilikuwa fimbo na "stuff" ni "estoffe" ya Kifaransa. Hapa linahitajika sikio, na mwalimu anayeweza kukaza na kuachia sauti mbele ya darasa.

Msijitetee kwa kompyuta. Ule mstari mwekundu hautokei kwa sababu "stationary" ni neno halali. Kabla ya kuprinti, toa maneno yote kwenye dizaini, yaandike moja moja, tafuta kila moja kwenye kamusi na uandike maana yake ya Kiswahili pembeni. Kisha soma ule upande wa Kiswahili tu. Bango lina maneno 10, ni dakika tano.

#2
Mleta mada uko sawa, ila usisahau na sisi tuna "kaa" la moto, "kaa" wa baharini na "kaa" kitako. "Paa" sijagusa.

#3 (mleta mada)
Mkuu, hayo yanaandikwa sawa na yanasomwa sawa. Mchora bango hawezi kuyakosea hata akiwa usingizini.

#4
Ongeza "porter", Moshi hapa ndiyo mkate wetu. Kiingereza kina mbili. Mbeba mizigo katoka kwenye "portare", kubeba. Bawabu wa hoteli katoka kwenye "porta", mlango. Bia nyeusi ya London ikaja kuitwa hivyo kwa sababu ya wale wabeba mizigo. Kwenye tangazo la kazi andikeni "mountain porter", vinginevyo mlinda mlango atatuma barua.

#5
Wa mawe Arusha nao waguswe. "Carat" ya tanzanite ni uzito: gramu 0.2, kipimo kilichokubaliwa kimataifa 1907. Ya dhahabu ni usafi: sehemu ngapi kati ya 24, kwa hiyo 18 ni asilimia 75. Mmarekani anaitofautisha ya dhahabu kwa "k", Mwingereza anaandika "c" kote. Zote ni "qirat" ya Kiarabu, kutoka Kigiriki "keration", kipembe, jina la tunda la mti wa mkarobu. Kuna bango la vito limeandikwa "carrot". Hiyo ni karoti ya mchuzi.

#6
Na "saloon" kwenye yadi za magari?

#7 (mleta mada)
Hao wako sahihi. "Salon" ni ukumbi kwa Kifaransa, Mwingereza akaivuta ikawa "saloon", Mmarekani akaifanya baa, Mwingereza akaipa gari lenye buti lake nyuma. Wenye yadi waacheni. Wasusi ndio waondoe "o" moja.