Aliyeandika mwongozo wa wageni wa harusi ya Lushoto na ajitokeze hapa

Kadi ya Dabo (mwanzisha uzi):
Wakuu, naandika viatu vikiwa bado na tope la Soni, na jina la mtu sitalitaja kwa sababu mnamjua. Ni yule mjumbe wa kamati anayedai michango kwa ukali wa mtoza ushuru, ambaye alipokabidhiwa kazi ndogo tu ya kuwaelekeza wageni wanaotoka Dar es Salaam aliifanya kana kwamba ametumwa na mahasimu wa bwana harusi.

Mwongozo wake alioutupia kwenye kundi la michango ulisema: "Harusi ipo Tanga. Pandeni basi la Tanga pale Mbezi, shukeni stendi, Lushoto ni jirani." Kwamba Lushoto ipo Mkoa wa Tanga, hilo halina ubishi. Lakini ukitoka Chalinze ukafika Segera, barabara inagawanyika: kulia unakwenda Muheza mpaka baharini, na kushoto unakwenda Korogwe na Mombo, na ni hapo Mombo unapoanza kupanda zile kilomita 33 za kona hadi Lushoto. Tena yapo mabasi yanayotoka Dar moja kwa moja hadi Lushoto! Sisi tulishushwa Tanga mjini jioni, mke wangu akiwa na viatu vya visigino, mimi nimebeba begani jiko la gesi la zawadi, na tulipouliza Lushoto ni upande gani, kijana wa bodaboda alitupa pole ambayo sijawahi kupewa hata msibani.

Mwongozo huohuo ulitushauri tuvae nguo nyepesi "kwa kuwa Tanga kuna joto". Mwezi wa saba, wakuu, mahali palipo zaidi ya meta 1,300 juu ya usawa wa bahari! Wenyeji wote walikuwa na makoti juu ya suti, nami nilikaa na shati la mikono mifupi nikitetemeka mpaka soda ikanimwagikia. Ulitushauri pia tukapige picha kwenye Mapango ya Amboni "mara baada ya ibada", wakati mapango hayo yapo nje kidogo ya jiji la Tanga, kana kwamba keki ingesubiri turudi kutoka pwani. Irente, ambako mtu anaweza kwenda kwa miguu kutoka Lushoto mjini akaitazama nyika yote chini yake, hakukutajwa hata kwa bahati mbaya.

Hayo yote ningeyasamehe. Nisichoweza kukimeza ni alichokisema tulipoingia ukumbini siku ya pili yake, ndafu ikiwa imebaki kichwa na majani yake mdomoni. Alimnyang'anya MC kipaza sauti akatangaza: "Tuwapigie makofi ndugu zetu waliokwenda kwanza kuogelea baharini." Kuogelea! Ukumbi mzima ulicheka, bibi mmoja akapiga kigelegele, na DJ akatuwekea muziki wa kuingilia. Mimi ninayeogopa hata beseni, eti nilikwenda kuogelea.

Mla Pilau:
Pole sana, mkuu. Mtu huyo namfahamu vizuri. Ndiye aliyetuelekeza kwenye gesti "tulivu" iliyotenganishwa na baa kwa pazia.

Shangazi wa Bwana Harusi:
Mimi pia namfahamu, ila ninayemfahamu mimi ni mwanamke.

Kondakta Mstaafu:
Ndugu mwanzisha uzi, hebu tuelezane ukweli. Ulifika Segera ukaona basi linakata kulia, ukapita Muheza, ukanunua machungwa dirishani, minazi ikaanza kujipanga barabarani, na katika muda wote huo hukujiuliza milima imekwenda wapi? Nina wasiwasi kwamba taulo ulikuwa nalo.

Kadi ya Dabo:
Taulo lilikuwa sehemu ya zawadi. Naomba tusitoke kwenye mada. Alisema kuogelea, mbele ya wakwe.

Mgeni wa Feri:
Wewe angalau ulikuwa nchi kavu. Sisi tulialikwa Unguja, na mwongozo ulieleza kwamba ukumbi upo Nungwi, "hatua chache kutoka bandarini Malindi". Nungwi ipo ncha ya kaskazini ya kisiwa, takriban kilomita 60 kutoka mjini, na hatua hizo chache tulizikamilisha kwa teksi iliyotugharimu kuliko nauli ya feri.

Mla Pilau:
Nauli bado ni nafuu. Mimi nilialikwa Rombo katikati ya Desemba, nikaahidiwa kwamba gesti zipo tele. Aliyeandika hivyo hakuwahi kusikia kwamba Wachaga hurudi nyumbani Krismasi! Nililala kwenye kochi la mzee nisiyemjua, ambaye aliniamsha alfajiri nikamsaidie kukata majani ya ng'ombe.

Shangazi wa Bwana Harusi:
Ulikata?

Mla Pilau:
Ningefanyaje, na mbege yake nilikuwa nimeshakunywa?

Kadi ya Dabo:
Wakuu, kuogelea.

Mwalikwa Mpya:
Samahani kwa kuingilia. Nina harusi Bukoba, na kamati imetuelekeza tufike Mwanza, kisha tupande meli ya usiku. Je, ushauri huo ni salama?

Mgeni wa Feri:
Meli ni nzuri, ila chukua shuka zito, kwa sababu upepo wa ziwa usiku hauna adabu.

Kondakta Mstaafu:
Kabla ya kukata tiketi, uliza kwanza kama harusi ipo Bukoba kweli. Wengine wakisema Bukoba, wanamaanisha Mkoa mzima wa Kagera.

Mwalikwa Mpya:
Nimeuliza sasa hivi. Ukumbi upo Ngara.

Kondakta Mstaafu:
Ngara ni mpakani mwa Burundi na Rwanda, mkuu. Achana na meli, panda basi linalopitia Kahama na Nyakanazi, na huyo aliyekuandikia mwongozo mwambie tunamfahamu.