Tupeane uzoefu: siku uliyoongeza oili ya injini mwenyewe, ilikuwaje?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita natoka Dar naenda Korogwe msibani, Toyota IST ya 1300cc, watu wanne ndani. Wami tumevuka salama. Tunakaribia Mkata, kila nikikata kona ile taa nyekundu yenye umbo la birika linalodondosha tone inawaka, barabara ikinyooka inazima. Nikajisemea hizi ni nyaya tu. Shemeji yangu kakaa kiti cha mbele, ndiye aliyenikalia kooni: "Shem, paki hii gari."

Nikapaki, nikavuta stiki ya kupimia oili. Kavu! Oili imegusa ncha tu. Kumbe ikishuka kiasi hicho, kwenye kona inakimbilia upande mmoja, pampu inabaki inanyonya hewa, ndiyo maana taa ilikuwa inacheza.

Bodaboda akanifuatia dumu la lita 4 Mkata. Sasa hapa ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nilishakariri kwamba hii injini inachukua lita 3.7 ukibadili na filta, nikamimina dumu zima. Sikuwaza kwamba ndani kuna oili imebaki. Kufika Segera moshi nyuma kama tunachoma mkaa, injini nzito, haivuti. Fundi wa pale akafungua nati ya chini akapunguza karibu lita 2. Akaniambia ikizidi, krenki, ule mhimili unaozunguka chini ya injini, inaichapa kama mtu anayekoroga mayai, inakuwa povu, na povu halilainishi chuma. Yaani nilitoka kwenye hatari ya kukosa oili nikaingia kwenye hatari ya kuwa nayo nyingi, ndani ya saa moja.

Msibani tulikuta wameshazika. Haya, na nyie semeni.

MamaVitz

Pole sana mkuu, na poleni na msiba. Mimi niliongeza vizuri kabisa, kidogo kidogo, nikapima, ikakaa sawa. Nikajiona fundi. Kifuniko nilikuwa nimekiweka juu ya betri. Nikafunga boneti nikaenda zangu kazini.

Kufika Mwenge harufu ya kuungua, moshi unatoka chini ya boneti, watu wanapiga kelele "dada gari inawaka!" Haikuwaka, ila oili ilikuwa imerukia kila mahali, na iliyodondokea bomba la moshi ndiyo ilikuwa inaungua. Kuosha injini na kununua oili nyingine vilinigharimu kuliko sevisi ninayoikwepaga.

Siku hizi kifuniko nakiweka kwenye kiti cha dereva. Nikikikalia nakumbuka.

Konda Mstaafu

@MamaVitz umenichekesha na sina nguvu 😂

Sisi Arusha tulikuwa na Hiace ya ruti. Asubuhi dereva anapima oili pale pale anapolaza gari, na ni kwenye mteremko, pua imeangalia chini. Kila siku stiki inasoma chini ya L, alama ya chini. Kila siku anaongeza. Bosi analalamika gari inakula oili, anatushuku tunaiuza. Wiki ya pili ikaanza kuvuja nyuma ya injini kwenye sili ya krenki. Fundi akaisogeza uwanja wa tambarare, akasubiri kidogo, akapima: imepita F, alama ya kujaa, vidole viwili.

Haikuwa inakula oili hata tone. Ilikuwa imeinama tu. Bosi hakuomba radhi mpaka leo.

Bin Pwani (Mombasa)

Ndugu zangu, langu mimi la aibu. Nilivuta stiki isiyokuwa yenyewe. Gari ni otomatiki, ina stiki mbili. Nikaona ile niliyovuta iko chini, nikatia faneli kwenye kile kijibomba chake, nikateremsha karibu nusu lita ya oili ya injini. Makanika aliponiuliza "umetia wapi?" nikamwonyesha, akashika kichwa. Ilikuwa ni gia boksi! Ikabidi ile ATF, oili ya gia boksi ya otomatiki, yote imwagwe, itiwe mpya.

Alichonifunza ni hiki: oili ya injini haimiminwi kwenye tundu la stiki. Ina mdomo wake mpana juu ya injini, na kifuniko chake mara nyingi kimechorwa kopo la oili. Na kabla ya kumimina chochote, futa stiki kwa kitambaa cheupe. Ikitoka nyekundu, basi hapo hapo simama, hiyo si ya injini.

Fundi Spana

Nimesoma zote, na zote nimeshazipokea gereji, ya kifuniko ndiyo nyingi kuliko mnavyodhani.

Paki pasawa. Zima. Kaa dakika 5 mpaka 10 oili ishuke chini. Vuta stiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, ivute tena. Soma hiyo ya pili, ya kwanza huwa imechafuliwa na kuta za bomba, inakudanganya. Kati ya L na F kwenye gari ndogo nyingi ni kama lita 1, nyingine inazidi kidogo. Kwa hiyo ikisimama katikati, unachohitaji ni nusu lita, si dumu. Mimina robo lita, subiri, pima, mimina tena. Ikifika robo tatu ya njia, funga uende. Kung'ang'ania F ndiko kunakowaponza.

Kuhusu kuchanganya oili za kampuni mbili, watu wanatishana bure. Umekwama porini na stiki ni kavu, oili ya injini ya kampuni yoyote ni afadhali kuliko kuendesha hivyo hivyo. Angalia namba ya uzito kwenye dumu. Gari inataka 5W-30 tafuta 5W-30. Ukikosa, 10W-40 itakufikisha, halafu ukifika mwaga yote weka yake. Ninachokichukia ni hii ya kuweka 20W-50 ili moshi wa bluu upungue. Utapungua kweli, na mnunuzi utamuuzia. Lakini asubuhi ya baridi ya Njombe au Makete hiyo oili nzito inachelewa kupanda juu kwenye kamshafti, na kila ukiwasha chuma kinasugua chuma.

Jambo jingine, kuongeza si tiba. Vitabu vya Toyota nyingi vinaweka kikomo cha lita 1 kwa kilomita 1,000. Ukipita hapo, tafuta inakokwenda. Kama sakafuni kuna tone, kagua gasketi na sili. Kama sakafu ni kavu na bomba linatoa bluu, hiyo inaungua ndani: ringi au valvu sili.

Mgeni_2

Fundi, samahani. Yangu stiki haijapungua, imeongezeka, na ina rangi ya chai ya maziwa. Nipunguze kidogo?

Fundi Spana

Usipunguze na usiwashe kabisa. Angalia maji ya rejeta kama yamepungua.

Mgeni_2

Yamepungua mkuu. Sana.

Fundi Spana

Basi yamehamia kwenye oili. Mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi. Ita gari ya kuvuta, usiende nayo gereji "taratibu", hiyo taratibu ndiyo inayoua beringi.

Mleta mada

Asanteni wakuu. Fundi, swali la mwisho. Zile lita 2 nilizopunguziwa Segera bado ninazo kwenye buti. Nimelipia, na nyingi ni mpya. Naweza kuziongeza polepole ikipungua?

Fundi Spana

Alizikinga na nini?

Mleta mada

Beseni. Lile wanaloshea vyuma.

Fundi Spana

Paka bawaba za geti.