Naombeni ushauri: waogeleaji wangu niwaweke daraja gani?

Mtafiti Mchovu: Wakuu, habari za majukumu. Nasoma uzamili wa sayansi ya michezo. Nina waogeleaji 24 wa klabu, vijana wa miaka 15 hadi 19. Nimewaandika "kiwango cha kimataifa". Msimamizi kazungushia duara jekundu, pembeni kaandika neno moja: "Kigezo?" Tangu juzi silali. Nimjibuje?

Pweza Mkavu: Andika "wanaelea". Hakuna atakayebisha.

MamaWawili: Mdogo wangu, vijana mnapenda vyeo. Mwanangu kocha alimwita bingwa akiwa na miaka sita, tukanunua miwani, kofia na mapezi. Leo anacheza drafti. Mwombe radhi tu mwalimu wako.

Saa ya Kocha: Kigezo kipo, mkuu. Pointi za World Aquatics (zamani FINA), shirikisho la kuogelea duniani. Chukua muda wa msingi, unaotokana na rekodi ya dunia, gawa kwa muda wa muogeleaji wako, jibu lipe kipeo cha tatu, zidisha kwa 1000. Mita 100 mtindo huru wanaume, Pan Zhanle aliweka rekodi ya sekunde 46.40 Paris 2024. Kijana wako bora ana ngapi?

Mtafiti Mchovu: 58.00. Inakuja pointi 512, si haba. Na wawili walishashindana nje ya nchi, ndiyo maana nikaandika kimataifa.

Babu wa Pwani: Kupanda ndege si kigezo. Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta aliogelea mita 100 Olimpiki ya Sydney 2000 kwa dakika 1:52.72. Piga hesabu hiyohiyo, hafiki 70. Nilimwona kwenye TV ya jirani, tulimpigia makofi hadi mtoto akaamka. Miaka hiyo mimi mwenyewe navuka mkondo nimekumbatia dumu.

Saa ya Kocha: Babu kamaliza. Mfumo wa watafiti McKay na wenzake wa 2022, wa kupanga wanamichezo kwa viwango, una daraja 0 hadi 5, na la kimataifa linataka uwe ndani ya takriban asilimia 7 ya rekodi. Hapo ni chini ya sekunde 50. Wako kazidi kwa asilimia 25. Halafu, bwawa la mita ngapi?

Mtafiti Mchovu: Mimi nimeuliza namna ya kumjibu msimamizi.

Saa ya Kocha: Mita ngapi?

Mtafiti Mchovu: 25. La mita 50 ningelipata wapi kwa bajeti hii? Maji ni yaleyale.

Saa ya Kocha: Maji yaleyale, kuta siyo. Bwawa fupi unageuka mara 3, na kila ukuta unakurusha mbele. Refu unageuka mara 1. Ndiyo maana bwawa fupi lina rekodi zake. Weka 44.84 ya Kyle Chalmers ya 2021, kijana anashuka hadi 462. Muda mlipimaje?

Mtafiti Mchovu: Saa za mkononi, mimi na kocha. Tukitofautiana tunachukua muda mdogo, kuwapa moyo vijana. Na muhtasari nimeshautuma kwenye kongamano, kwa hiyo kufuta "kimataifa" sasa ni kujiaibisha.

Pweza Mkavu: Hii chai. 58.00, sifuri mbili, kama bei ya dukani? Hao 24 hawapo.

MamaWawili: Kumbe! Na mimi nimemwaga siri za mwanangu hapa.

Mtafiti Mchovu: Wapo! Daftari ninalo. Lililowa, kurasa zimegandana, na wino wa bluu wa njia ya 4 umetambaa hadi desimali hazisomeki. Nikajazia sifuri. Hata hiyo 8 ukiikazia macho inaweza kuwa 3.

Pweza Mkavu: Picha ya bwawa, la sivyo leta na maandazi.

Saa ya Kocha: Usirushe picha za watoto wa watu humu. Chukua futi ya fundi, kalipime hilo bwawa.

Mtafiti Mchovu: Ndiyo natoka huko. Mlinzi kanishikia upande wa pili, tumerudia mara tatu. Mita 24 na sentimita 60.

Babu wa Pwani: Uuwi.

Pweza Mkavu: Chai naifuta. Ila mita 100 zako zote ni 98.4, mkuu.