Naomba ushauri: Mkataba wa uanagenzi kati ya karakana yangu na chuo cha ufundi

Ndugu zangu, habari za leo.

Ninamiliki karakana ya uchomeleaji mjini Morogoro yenye wafanyakazi 14, hivyo kila mwezi ninalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo mwaka 2023 ilipunguzwa kutoka asilimia 4 hadi 3.5 ya mishahara. Chuo kimoja jirani kimeniomba nipokee wanagenzi watano, watakaosoma nadharia chuoni siku mbili na kufanya kazi kwangu siku tatu kila wiki.

Wazo nimelipenda, kwa sababu vijana wa mafunzo ya wiki nane huondoka wakiwa ndiyo kwanza wameanza kushika elektrodi vizuri. Hata hivyo, rasimu ya mkataba haisemi nani atagharimia miwani na glavu, wala nani atawajibika mwanagenzi akiungua. Je, ninapaswa kuwaandikisha katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kama waajiriwa, au bima ya chuo inatosha? Na posho ya nauli, ambayo kusema kweli ndiyo inayoninyima usingizi, wenzangu mmegawana vipi na vyuo?

Natanguliza shukrani.